Mwalimu wa wili ya umeme aliyenianzishia kwenye mteremko na betri imejaa: uzoefu wangu

Nilikuwa sitaki kuandika haya. Nimekaa nayo wiki kadhaa nikisema yatapita, ila jana nikaona wameweka tena lile tangazo lao la "saa moja tu unaendesha, mahali tunatafuta sisi" na damu ikanichemka upya. Mahali wanatafuta wao! Basi wacha niseme mahali penyewe.

Hii ni huduma ya kufundishwa wili ya umeme, ile ya tairi moja unayoikanyaga mguu huku mguu huku halafu unaegemea mbele inaenda, unaegemea nyuma inasimama. Yangu nilikuwa nayo muda na siiwezi. Nilijaribu kwenye korido, nikajaribu uwanja wa nyasi kwa sababu kila mtu anakwambia anzia kwenye nyasi, ukianguka huumii. Ni kweli huumii sana, lakini hujifunzi pia. Nyasi zinaivuta tairi, spidi inakufa, chini kuna vishimo huvioni, na hii kitu kama baiskeli tu, ikienda polepole mno ndiyo inayumba. Mbele na nyuma inajishika yenyewe kwa sensa na mota, ila kushoto na kulia ni wewe na mwili wako, na mwili haujui mpaka wili iende kwa spidi ya mtu anayekimbia taratibu. Kwenye nyasi sikuwahi hata mara moja kufika hiyo spidi. Nilirudi nyumbani ugoko wa mguu wa kulia umevimba bluu kwa sababu unalibana lile bodi la wili bila kujua, ndivyo anavyofanya kila anayeanza.

Kwa hiyo nilivyolipia mwalimu sikuwa nalipia mtu wa kunishika mkono. Nilikuwa nalipia mahali. Mtu anayejua nianzie wapi.

Meseji yao ikaja jioni yake, fupi tu. Njoo na helmeti, njoo na gadi za viganja, chaji betri ijae kabisa asilimia mia tusije tukakatishwa njiani. Nikafuata neno kwa neno. Wili niliichomoa kwenye chaja dakika ileile ninatoka. Tukakutana kwenye maegesho ya magari ya ghorofa, juu kabisa kwenye paa, asubuhi hakuna gari hata moja, sakafu saruji nyororo, na nakiri nilivyopaona nilifurahi mno nikasema haya sasa nimepata mtu.

Halafu akanipeleka pale paa linapoanza kushuka, kwenye njia ya magari ya kwenda ghorofa ya chini yake. Akasema mteremko unakusaidia kuondoka, huhitaji kusukuma. Nikamuuliza, kaka, si tuanzie pale pembeni penye ukuta? Akasema ukuta unazoesha watu vibaya. Nikanyamaza, mwalimu ni yeye.

Nikapanda, akanishika bega, akaniachia. Na kweli ikaondoka vizuri! Mita tano, sita, nimesimama juu yake peke yangu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na hapo hapo wili ikaanza kulia bip bip bip mfululizo na pedali zikainuka mbele, yaani vidole vya miguu vinapanda juu visigino vinashuka, kama kuna mtu chini yake anakusukuma urudi nyuma. Mtu anayejua angeelewa anaambiwa apunguze, asimame. Mimi sikujua. Nilidhani nimeegemea vibaya nikajikaza kwenda mbele, wili ikachomoka chini yangu, nikatua kwa viganja na goti la kushoto. Wili ikabingirika yenyewe mpaka ukutani ikajizima. Zile gadi za viganja plastiki yake imechimbika mstari mrefu kama imepigwa msasa. Bila zile gadi huo mstari ungekuwa ngozi yangu na pengine mfupa, kwa hiyo hapo kwenye meseji yao walisema kweli, siwezi kuwanyima.

Sasa sikieni. Nimekaa chini, goti linatoka damu, suruali imechanika, na yule kijana anakuja anatembea, hakimbii. Ananiangalia. Anasema "pole mama, lakini hiki kitu si cha rika lako, bora hiyo wili umwachie mwanao." Na kulikuwa na watu wawili wameshuka kwenye lifti wanasikia.

Goti limepona. Hilo neno bado.

Nikamuuliza mbona imelia, imelia kwa nini? Akasema "umeogopa, umeegemea nyuma." Sikuogopa! Nilikuwa nimeanza kufurahi! Nikafungua apu ya wili kwenye simu pale pale chini nilipokaa, na apu imeandika onyo wazi kabisa, volteji imezidi. Nikamwonyesha. Akasema hizo apu zinaandika mambo mengi.

Nilivyorudi nyumbani nilisoma mpaka usiku, na nawaandikia hapa ili mwingine asidanganywe. Wili ikishuka mteremko au ikifunga breki, mota inageuka kuwa jenereta, ule umeme unarudi kwenye betri. Breki nyingine haina, ndiyo hiyo hiyo mota. Betri ikiwa imejaa pomoni ule umeme hauna pa kwenda, volteji inapanda, na wili inajilinda kwa kulia na kuinua pedali ikutake usimame, na ukikaidi inaweza hata kujizima kabisa. Kwa hiyo meseji ikaniambia nijaze betri, mwalimu akanianzishia kwenye mteremko, halafu lawama zikaja kwangu na umri wangu. Mtu anayefundisha hii kitu kila wiki hajui hilo? Na kama analijua ni mbaya zaidi. Unaanzia tambarare, au unashuka ukiwa umeshatumia chaji kidogo, basi, halina ugumu.

Nilitaka kuishia hapo na nyota moja. Lakini siku kadhaa baadaye nilirudi pale, peke yangu, alfajiri, goti limefungwa. Mlinzi wa pale, mzee mmoja, nikamwamkia nikamwomba ruhusa kwanza, akasema mpaka magari yaanze kuingia ni pako. Nikaenda ghorofa ya chini kabisa, siyo paa. Na hapo ndipo nilipoona uchungu wa kila kitu, kwa sababu sijawahi kuona mahali pazuri pa kujifunzia kama pale. Sakafu bapa. Ukuta mrefu upande mmoja, umefika kifuani, wa kuweka kiganja tu bila kuushikilia. Upana wa kutosha usilazimike kukata kona kabla hujawa tayari. Paa juu, mvua haiingii, kwa hiyo hakuna ile mistari ya rangi iliyolowa ambayo tairi inateleza kama sabuni. Yaani alinipeleka kwenye jengo sahihi akanipandisha ghorofa isiyo yake!

Nilifanya hivi. Nikafunga mkanda kwenye kishikio cha kubebea wili niushike mkononi, ikianguka isibingirike mbali, na pembeni nikaizungushia kipande cha godoro jembamba isikwaruzike. Mguu wa kushoto juu ya pedali, ugoko unagusa bodi kidogo, kiganja ukutani, nikawa nasukuma kwa mguu wa kulia kama mtoto na skuta, hatua moja, mbili, nashusha. Siku ya kwanza nilimaliza dakika ishirini nikaacha kwa sababu miguu inatetemeka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, nikiwa nimeshalala na kuamka mara mbili tangu nianze, mwili ukawa unajua kitu mimi sijui, mguu wa pili ukapanda wenyewe, na nikakumbuka kitu kimoja alichoniambia yule kijana tukiwa tunapanda ngazi, "usiangalie tairi, angalia unakokwenda." Nikainua macho nikaangalia nguzo ya mwisho kule. Kiganja kikaachana na ukuta. Nguzo ikaja. Nikaipita!

Kwa hiyo sijui nimpe nini huyu mtu. Jengo ni yeye aliyenionyesha. Lile neno la kuangalia mbele ni lake na ndilo lililonifungua. Mteremko mdogo wa kuondokea hata wengine wanausifu, sikatai. Nyota mbili basi. Labda tatu kwa kijana mwenye afya asiye na haraka na ambaye hajachaji betri.

Ila nikifika hapo nakumbuka na lile la barabara. Kabla hatujaanza aliniambia "ukiweza tu unaingia barabarani unaenda nayo kazini", hakuuliza ninaishi wapi, hakuuliza sheria inasemaje. Hizi wili sheria zake ni nchi na nchi. Uingereza unaendesha kwenye eneo binafsi tu tena kwa ruhusa ya mwenye eneo, barabarani na njia za miguu hairuhusiwi. Ujerumani sheria yao ya 2019 inataka chombo kiwe na usukani au fimbo ya kushika ukiwa unaendesha, wili haina, basi imetoka. Ufaransa wanaruhusu kwenye njia za baiskeli, mwisho kilomita 25 kwa saa. Mwanafunzi wa siku ya kwanza anamsikiliza mwalimu kama mzazi, ukimwambia ingia barabarani ataingia. Nyota moja. Nairudisha moja.

Niliwaandikia kuomba hela yangu, au kama hela haiwezekani basi yule kijana anipigie aseme samahani kwa lile neno, na hiyo meseji ya kujaza betri waibadilishe. Wakajibu "asante kwa maoni yako, karibu tena kwa somo la pili." Meseji hawajaibadilisha, rafiki yangu kajiandikisha juzi kanionyesha, asilimia mia ile ile. Nimemwambia aje nami kesho alfajiri ghorofa ya chini, aje na gadi, betri iwe robo tatu, na mzee wa getini nimeshamwambia tutakuwa wawili.