Kipadi cha DSC PK5500: kizuri, lakini nyaya nne ndizo zinazoamua

PK5500 ni kipadi cha waya, yaani kibao cha vitufe kinachobandikwa ukutani ili kuwasha na kuzima king'ora. Kimetengenezwa kwa ajili ya paneli (bodi kuu inayoendesha mfumo wa king'ora) za kampuni ya DSC za familia ya PowerSeries, kama PC1832. Ubora wake mkubwa ni kioo cha mistari miwili chenye herufi 16 kila mstari. Vipadi vya taa huwasha namba ya zoni (sehemu ya nyumba inayolindwa na sensa yake) tu, ukabaki kukisia namba 6 ni wapi. Hiki huandika jina: "Dirisha la jikoni". Mtu aliyeamshwa na king'ora saa nane za usiku hana akili ya kutafuta orodha ya namba, kwa hiyo kioo hicho si pambo. Kila zoni ina nafasi ya herufi 28 kwa jina, na zinatosha Kiswahili bila kukatakata maneno. Ila ujumbe wa kipadi chenyewe hauna Kiswahili kati ya lugha zake, kwa hiyo mwenye nyumba aelezwe maana ya ile michache anayoiona kila siku.

Kabla ya kulipa, fungua sanduku la paneli usome jina lililoandikwa kwenye bodi. Kama ni PowerSeries Neo, kiache dukani. Neo inazungumza na vipadi vyake kwa mtindo mwingine, na hakuna ujanja wa waya utakaofanya PK5500 kifanye kazi hapo.

Uungaji wenyewe ni nyaya nne: nyekundu ya chanya, nyeusi ya hasi, njano na kijani za mawasiliano. Nyuma ya kipadi zimeandikwa R, B, Y na G, na kwenye paneli zimo skrubu za rangi hizohizo. Maliza kuunga kila kitu ndipo uweke umeme na betri. Ukibadilisha njano na kijani, kipadi kitawaka vizuri kabisa, taa na kioo, halafu kitakaa kikisema mfumo haupatikani. Hapo ndipo watu hurudisha kipadi dukani wakidhani ni kibovu. Kuwaka kunathibitisha nyekundu na nyeusi tu. Hakusemi lolote kuhusu zile mbili nyingine. Chomoa umeme, fuata rangi mwanzo hadi mwisho, hasa pale waya ulipoungwa katikati ya njia, kwa sababu kwenye maungio ndiko rangi hupotezwa.

Sasa unene wa waya, jambo linalopuuzwa kuliko yote. Waya unaopendekezwa ni namba 22 (kipimo cha AWG), wenye kipenyo cha takriban milimita 0.64, na kipadi hakitakiwi kuwa zaidi ya mita 305 za waya kutoka kwenye paneli. Kikomo hicho kisikudanganye. Waya wa namba 22 una ukinzani wa takriban omu 53 kwa kilomita, na mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo urefu unahesabiwa mara mbili. PK5500 hula hadi miliampia 125 kikiwa na kazi nyingi. Kwa mita 100 hiyo ni omu 10.6, na volti 1.3 zinapotea njiani, kipadi hakitalalamika. Kwa mita 300 zinapotea karibu volti 4, theluthi ya volti 12. Ongeza kipadi cha pili mwisho wa waya huohuo na volti 8 zimeliwa na shaba. Dalili yake ni ya kuchanganya: kipadi kinafanya kazi mchana kutwa, halafu kinafifia au kupoteza mawasiliano umeme ukikatika na betri ikianza kushuka. Dawa ni kutumia jozi mbili kwa pamoja kwenye chanya na hasi, au kuvuta waya mnene zaidi. Pima volti kwenye skrubu za kipadi chenyewe, si kwenye paneli, na upime ving'ora na sensa zote zikiwa zimeunganishwa.

Kebo ya mtandao wa kompyuta inafaa, mradi ukumbuke kwamba shaba yake ni nyembamba zaidi, hivyo kuongeza jozi kwenye chanya na hasi si hiari. Kebo yenye ngao ya karatasi ya chuma iache, isipokuwa mahali penye mawimbi makali ya redio. Ngao huongeza uwezo wa waya kuhifadhi chaji, na mapigo ya mawasiliano hufika yamelegea.

Ukiwa na kipadi kimoja, hapa kazi inakaribia kwisha. Ukiwa na viwili au zaidi (PC1832 inabeba hadi vinane), kila kimoja lazima kipewe nafasi yake. PK5500 hutoka kiwandani kikiwa kwenye nafasi ya 8, kwa hiyo ukiweka viwili bila kugusa kitu, vyote viwili vinadai kiti kimoja. Vitabonyezeka na king'ora kitawaka, ila paneli haitajua kimoja kikikatwa waya, na huo ndio ulinzi wenyewe unaopotea. Bonyeza nyota, 8, kisha namba ya fundi (ya kiwandani ni 5555), halafu 000, kisha 0, halafu tarakimu mbili: ya kwanza ni eneo (kundi la zoni zinazowashwa pamoja), ya pili ni nafasi. 11 kwa cha kwanza, 12 kwa cha pili. Fanya hivyo kwenye kila kipadi chenyewe. Huwezi kukipangia kimoja ukiwa umesimama kwenye kingine. Baada ya hapo, ukiwa bado kwenye mipangilio ya fundi, ingia sehemu ya 902, subiri dakika moja, kisha 903 uone paneli imetambua vingapi. Hesabu isipolingana na vilivyo ukutani, usiondoke.

Kinachofanya kipadi hiki kistahili bei yake ni skrubu ya tano, P/Z. Kwa kawaida kipadi hukaa karibu na mlango mkuu, na hapo unaweza kuunga sensa ya mlango huohuo bila kuvuta waya mpya hadi paneli. Sensa huenda kati ya P/Z na B, na rezista ya omu 5,600 (kijani, buluu, nyekundu) ikae kwenye sensa, mwisho wa waya. Ukiiweka nyuma ya kipadi kwa uvivu wa kupanda ngazi, mtu akipiga shoti waya ule karibu na mlango, paneli itaendelea kuamini mlango umefungwa. Zoni hiyo ipangiwe namba yake kwenye sehemu ya 020 ya mipangilio ya fundi, la sivyo haitasikika kabisa.

Ukutani, weka kati ya mita 1.4 na 1.5, ndani, mahali pasipoonekana kwa dirishani. Muda wa kuingia wa kiwandani, yaani muda wa kuzima mfumo kabla king'ora hakijalia, ni sekunde 30, basi tembea kutoka mlangoni ukiwa na mzigo mikononi na uone kama unawahi. Kitufe cha kugundua kung'olewa kiko nyuma, na kinahitaji ukuta bapa wa kukibana. Kikiangukia juu ya tundu la waya, kitaripoti hujuma kila mara. Toboa tundu pembeni yake.

Mwisho, vitufe vinavyobonyezwa kila siku huchakaa kuliko vingine na kumwonyesha mgeni tarakimu za namba ya siri. Badilisha 1234, namba ya siri ya mwenye nyumba ya kiwandani, siku hiyohiyo ya kufunga, na 5555 ya fundi pia.