Trekta kuukuu la Marekani kwa shamba la ekari kumi: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Ukishanunua ekari zako kumi Ohio au Kentucky, jirani wa kwanza kuja kukusalimu atakwambia anamjua mtu mwenye trekta ghalani. Usikimbilie. Huku matrekta ya zamani huuzwa kwa rangi: kijani, nyekundu, chungwa, kila kampuni na yake. Wenyeji hushabikia rangi zao kama sisi na Simba na Yanga. Mimi huuliza mawili tu: lina mikono mitatu ya nyuma ya kubebea zana? Spea zake zipo?

Namba moja ni Massey Ferguson 135, la miaka ya 1960 na 1970. Aliyekulia shambani Afrika Mashariki hahitaji kutambulishwa. Jina lake limetokana na ndoa ya mwaka 1953, Massey-Harris ya Kanada ilipoungana na kampuni ya Harry Ferguson. Yaliyouzwa Marekani mengi yaliundwa Detroit. Tafuta lenye dizeli ya Perkins ya silinda tatu na klachi ya hatua mbili. Ukikanyaga nusu, trekta linasimama lakini shafti ya PTO, ile ya nyuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana, inaendelea kuzungusha mashine. Si yote yanayo, kwa hiyo panda ujaribu mwenyewe.

Kama mfuko haufiki hapo, nenda Ford 8N. Mwaka 1938 Henry Ford na Ferguson walipeana mikono tu, bila mkataba wa maandishi, na mwaka uliofuata likatoka 9N lenye mikono mitatu aliyoibuni Ferguson. Baada ya vita, mjukuu wa Ford akavunja makubaliano na mwaka 1947 akatoa 8N. Ferguson akaenda mahakamani. Mwaka 1952 akalipwa dola milioni 9.25. Kufikia hapo zaidi ya nusu milioni ya 8N zilikuwa zimeundwa, ndiyo maana hata leo spea zake mpya zinapatikana bila taabu.

Lakini ujue unachonunua. Kwenye 8N ukikanyaga klachi, PTO na haidroliki (nguvu ya oili inayonyanyua zana) vyote vinakatika. Na ukifungia mashine ya kufyekea majani, visu vikishashika kasi vinaendelea kulisukuma trekta mbele huku mguu wako uko kwenye klachi na ua wa jirani unakusogelea. Kuna kiungo cha chuma kinachovaliwa kwenye shafti na kuzunguka huru upande mmoja ili kuzuia hilo. Kifunge kabla hujafyeka jani hata moja.

Farmall H ni la tatu. International Harvester, iliyoanzishwa mwaka 1902, iliunda karibu laki nne za H kuanzia 1939. Injini ni ngumu hasa, ila mikono mitatu halina, na yale yenye magurudumu ya mbele yaliyobanana hupinduka upesi kwenye mteremko. Usihofu kwamba kampuni iliuza kitengo chake cha kilimo mwaka 1985, kikaunganishwa na kampuni ya Case. Spea za Farmall hazijawahi kuadimika. Kwa bustani ya mboga tu, tafuta ndugu yake mdogo, Cub.

John Deere A na B za silinda mbili, zinazolia pop-pop, naziweka chini makusudi. Wakusanyaji wamezipandisha bei, na hata hivyo ni trekta za gwaride la Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, kuliko za kulimia. Allis-Chalmers WD45 lina nguvu, lakini hufunga zana kwa mtindo wake peke yake. Lichukue kama linauzwa na zana zake.

Lolote utakalolichagua, kabla ya kutoa pesa legeza kidogo boliti ya chini ya kumwagia oili ya giaboksi. Maji huwa yamekaa chini ya oili, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Na kama oili yenyewe ina rangi ya chai ya maziwa, mrudishie mwenyewe ufunguo wake.