Dyipne ya Tamiya: sura ya Manila, kichwa kizito konani

Ukifungua boksi la Dyipne ukitarajia dyipni, lile gari la abiria la Manila, iliyopunguzwa, na benchi zake mbili na mlango wa nyuma, utavunjika moyo kabla hujakata kipande cha kwanza. Hii ni Mini 4WD, jamii ya vigari vya mota ambavyo kampuni ya Tamiya ya Japani imekuwa ikivitoa tangu 1982. Hakina rimoti wala usukani. Unawasha, unakiweka kwenye njia yenye kuta, na kuta ndizo zinazokipindisha kupitia rola zilizo pembeni. Kinakimbia hadi ukidake au betri zife.

Kilichochukuliwa kutoka kwa dyipni halisi ni sura na mbwembwe. Gari lenyewe lilizaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili, pale mafundi wa Ufilipino walipochukua jeep za Willys zilizoachwa na jeshi la Marekani, wakazirefusha, wakaweka benchi mbili zinazotazamana, bati linalometa, na farasi wa chuma juu ya boneti. Sarao Motors ya Las Piñas ilianza kazi hiyo 1953. Aliyezoea daladala au nganya za Nairobi ataielewa mara moja, ila ashike jambo moja: dyipni kwa kawaida haina konda. Nauli hupita mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na anayeshuka hupaza sauti, "Para!"

Hesabu ya kipimo inaeleza kwa nini kigari ni kifupi. Mini 4WD huhesabiwa kuwa 1/32. Urefu wa dyipni wa mita 6.4 ukigawa kwa 32 unapata milimita 200, na kanuni za mashindano za Tamiya zinakomea milimita 165, upana 105, kimo 70. Umbali kati ya ekseli za chesisi (fremu ya chini) ya MA, tutakayoieleza hivi punde, ni milimita 80, yaani mita 2.56 ukirudisha kwenye ukubwa halisi. Hiyo inazidi jeep ya Willys, iliyokuwa na mita 2.03, lakini haifikii dyipni ndefu ya abiria kumi kila upande. Kwa hiyo unachopata ni dyipni iliyominywa: pua na uso vipo, kiuno hakipo. Ndani nako usitafute benchi. Pale wanapokaa abiria ndipo betri na mota zilipo. Kwa macho yetu, kuminywa huko kumefanywa kwa akili, maana mtu anaitambua dyipni kwa uso wake kwanza.

Maelezo yanayofuata yanahusu bodi hii ikiwa juu ya MA, chesisi ya kipande kimoja yenye mota katikati na betri mbili za AA ubavuni, moja kila upande. Mota yake ina ncha mbili. Ncha ya mbele inazungusha gia za ekseli ya mbele, ya nyuma za ekseli ya nyuma, basi hakuna ule mhimili mrefu wa kupeleka nguvu unaopatikana kwenye chesisi za mota ya ncha moja. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza hela. Mota za ziada zinauzwa kwa majina yanayofanana, na ile isiyo na neno PRO kwenye pakiti ni ya ncha moja. Haiingii, na hakuna ujanja wa kuiingiza.

Kuunganisha kunahitaji bisibisi ndogo ya nyota, plaizi ya kukatia, kisu chenye ncha, msasa namba 600 na kibano cha stika. Gundi haihitajiki. Mwenye mkono mzoefu humaliza chesisi kwa nusu saa. Stika zinaweza kula saa nzima.

Kata kila kipande mara mbili: kwanza mbali na kipande, kisha kisiki kilichobaki ukikate karibu na ukisugue kwa msasa. Ukikata mara moja tu, plastiki hunyofoka na kuacha shimo, na kwenye gia kisiki kidogo kinatosha kuleta mlio wa kugonga kila mzunguko. Grisi weka kiasi cha punje ya mchele kwa kila seti ya gia, na kidogo zaidi pale ekseli zinapopita. Ukiijaza inatapakaa hadi kwenye bamba za shaba zinazopitisha umeme, inakamata vumbi, na umeme unaanza kukatika. Gari linalokwenda na kusita kama lenye kigugumizi mara nyingi lina bamba chafu. Zifute kwa pamba yenye spiriti kabla ya kuilaumu mota.

Ekseli ni za pembe sita, unene milimita 2, na rimu husukumwa kwa nguvu. Isukume wima juu ya meza; ukiisukuma kwa pembe, tundu la rimu hutanuka upande mmoja na tairi litacheza daima. Acha mwanya wa nusu milimita hivi kati ya rimu na chesisi. Mwanya ukikosekana rimu inasugua plastiki na mota inachemka bure. Ukizidi, gari linayumba. Kabla ya kuweka mota, liviringishe mezani kwa kidole. Likisimama ghafla, kuna kitu kimebana, na afadhali ukijue sasa kuliko baada ya kufunga kila kitu. Tairi za mpira nazo hukaa zimejipinda kwenye rimu. Zivute zikae sawa, kisha tone la gundi ya mpira kila upande huzizuia kuhama.

Betri moja ikigeuzwa, gari haliwaki. Zikigeuzwa zote mbili, linarudi nyuma.

Sasa bodi. Stika za Mini 4WD zinapenda sehemu bapa, na uso wa dyipni una mikunjo mingi. Kosa la kawaida ni kuibandika nzima na kuikandamiza mara moja: pembe zinainuka siku ya pili, na vumbi likishaingia chini haishiki tena. Osha bodi kwa maji na sabuni ya vyombo uondoe mafuta ya kiwandani, ikauke, kisha bandika ukianzia katikati. Penye mkunjo, ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele sekunde chache huku ukiisukuma kwa pamba. Penye mkunjo wa pande mbili usibishane nayo. Ichane mkato mdogo na uache kingo zipandane.

Anayetaka mng'ao wa bati la dyipni aache stika za mandharinyuma na apulize rangi. Chini nyeusi inayong'aa, juu yake TS-30, rangi ya fedha ya Tamiya, kwa tabaka tatu nyembamba. Nyeusi ya chini ndiyo inayoipa fedha kina. Juu ya plastiki tupu hutoka kijivu cha sufuria. Rangi za TS ni za plastiki ngumu kama hii. Za PS ni za bodi laini zinazopitisha mwanga, na hapa zitabanduka kama ngozi ya kitunguu. Usipulize unene ndani ya ndoano za kufungia bodi, kwa kuwa bodi itakataa kukaa.

Mapambo yoyote ya kujiongezea, antena, vioo, kibao cha njia, yaweke chini kadiri inavyowezekana. Sababu si urembo.

Bodi ya dyipni imesimama. Magari mengi ya Mini 4WD yamelala kama samaki, na hili lina paji la uso. Kila gramu juu ya paa inavuta kitovu cha uzito kwenda juu, na kwenye kona kuta zinalizuia gari kwa chini, kwenye rola, huku kichwa kikitaka kuendelea mbele. Kuta za njia ya Tamiya zina kimo cha milimita 50 na njia ina upana wa milimita 115, hivyo kosa dogo la rola linatosha kulitupa nje. Panapolitupa hasa ni daraja la kubadilisha njia, kisha pale linapotua baada ya mwinuko.

Dawa ya kwanza ni rola za mbele kuinama mbele kidogo, digrii mbili tatu, ili zikandamize pua chini kila zinapogusa ukuta. Zikiinama nyuma, hata kwa unywele, gari linapanda ukuta kama mjusi. Kagua hili baada ya kila ajali, kwa sababu bampa ya plastiki hupinda bila kuonyesha. Ya pili ni breki ya sponji chini ya mkia, ambayo haigusi njia penye tambarare bali inakwaruza kwenye mwinuko tu. Iache nafasi ya angalau milimita 1 kutoka chini, kama kanuni zinavyotaka. Ya tatu ni vizito vya shaba vinavyocheza juu na chini kwenye skrubu, vya kumeza mshtuko wa kutua. Vifunge pembeni na chini. Kuvificha ndani ya paa ili visionekane kunafuta faida yake yote.

Kasi iongezwe mwisho. Mota ikizunguka mara 13,000 kwa dakika, gia ya 4:1 (mota mizunguko minne, tairi mmoja) na tairi za milimita 26 hutoa karibu kilomita 16 kwa saa kwa hesabu, kabla ya msuguano. Badilisha gia tu iwe 3.5:1, inafika 18. Rudisha gia ya 4:1 na weka tairi za milimita 31, inafika 19, lakini umeinua gari zima na lile paji lake. Kwa Dyipne tungechagua gia na kuacha tairi ndogo. Mota ya Torque-Tuned 2 PRO inatosha kabisa. Mota ya kasi zaidi kama Mach-Dash PRO ndani ya bodi hii ni kununua tiketi ya kuruka nje.

Betri za kuchaji za NiMH zina volti 1.2 dhidi ya 1.5 za alkalaini, ila hushika nguvu yake vizuri zaidi kadiri mbio zinavyoendelea. Zichaji zote mbili pamoja na uzitumie pamoja, maana moja ikichoka mapema inaiburuza nyingine.

Atakayeinunua ili aiweke rafuni kama pambo atabaki na kitu kizuri akiifanyia kazi ya rangi. Anayetaka kushinda mbio katika mwezi wa kwanza achukue bodi iliyolala, na Dyipne aiendeshe siku ya maonyesho, ikiwa imefungwa ndoano zake vizuri, maana bodi ikichomoka kwenye daraja kinachotangulia kugonga sakafu ni ile pua uliyoihangaikia kwa kibano.