Uzoefu wangu na West System 105 na hadena 209 kwenye mabawa ya ndege za rimoti, hapa Tabora

Wadau wa ndege za kujitengenezea, niseme mapema tu, hii epoksi, yaani resini 105 unayoichanganya na hadena ya kuigandisha ili kubandika kitambaa cha faibaglasi juu ya bawa la foam (stairofomu), naikubali, na kinachonifanya niikubali ni hadena yake ya taratibu, ile 209. Resini nzuri ziko nyingi, ila ukiwa Tabora mwezi wa kumi, mchana joto limepita 30, hadena ya kawaida inakugandia kwenye kikopo hujamaliza hata upande mmoja wa bawa. Kampuni inasema hadena ya 205 inakupa dakika 9 mpaka 12 kabla haijaganda kwenye kikopo, 206 inakupa 20 mpaka 25, na 209 inakupa 40 mpaka 50, lakini hizo ni za nyuzi 22, na joto likipanda nyuzi 10 muda unabaki kama nusu, sasa piga hesabu mwenyewe hapo kwenye 205 unabakiwa na nini. Na 209 yenyewe usiiache imejaa kwenye kikopo, epoksi inapoganda inatoa joto lake yenyewe na ikiwa imerundikana inajichemsha, ukishachanganya imwage kwenye trei pana itulie.

Uwiano wa 105 na 209 ni 3 kwa 1 kwa ujazo. Pampu zao zipo, ila kwa bawa dogo mimi natumia sirinji za duka la dawa, mililita 30 za resini na 10 za hadena, basi. Ukitaka kutumia mzani tafuta uwiano wa uzito kwenye karatasi yao, usichukue 3 kwa 1 ukaipeleka kwenye gramu, resini ni nzito kuliko hadena. Na kukoroga koroga kwelikweli, kwangua pembeni na chini ya kikopo, maana resini isiyokutana na hadena haitakauka hata ukiisubiri mwaka mzima.

Kuna vijana wananiuliza kwanini wasitumie ile resini ya mafundi bodi wa magari, iko hapa hapa mjini na bei yake nafuu. Ile ni poliesta, ina staireni ndani, na staireni inayeyusha stairofomu, unapaka tu unaona bawa linabonyea. Epoksi haiyeyushi foam kabisa, iwe ile nyeupe ya kwenye maboksi ya tv au ile ngumu ya insulesheni.

Bawa ninalopenda kujenga lina urefu wa mita 1.5 na upana wa sentimita 20, juu na chini ni kama mita za mraba 0.6. Kitambaa cha faibaglasi cha gramu 49 kwa mita ya mraba kinaingia gramu 30 hivi, na epoksi iliyochanganywa inayobaki humo inatakiwa iwe karibu hapo hapo, gramu 30. Ikizidi ni uzito wa bure, haiongezi nguvu yoyote. Naisukuma na kadi ya benki iliyoisha muda halafu naviringisha toilet pepa juu yake inyonye iliyobaki, kitambaa kikishaonekana kimelowa ila haking'ai, hapo ndipo penyewe.

Kubana kitambaa kwenye foam naliingiza bawa kwenye mfuko wa plastiki na kunyonya hewa yake kwa kompresa ya friji bovu. Hapa watu wa nyanda za juu tuelewane, Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, geji haitafika zile namba za wenzetu wa pwani hata mfuko ukiwa hauvuji, kwahiyo usihangaike kutafuta tundu ambalo halipo. Na hata hivyo hatuhitaji kuvuta mpaka mwisho, nusu tu ya kanieneo ya hewa inatosha, ukizidisha foam inabonyezwa na umbo la bawa linaharibika.

Sasa kukausha, hapa ndipo watu wengi wanakimbilia kurusha. Bawa likiwa gumu kesho yake asubuhi sio kwamba limeiva. Epoksi iliyokaukia kwenye nyuzi 25 inaanza kulegea kwenye joto lisilo mbali sana na hapo, na bawa jeusi la kaboni likilala juani linapita nyuzi 60 bila shida, halafu unalirusha unashangaa limejikunja. Mimi nikishaliacha likaganda usiku mzima naliingiza kwenye boksi la mbao nililolibandika stairofomu ndani, balbu za zamani zile za njano zinazotoa joto, feni ndogo ya kompyuta izungushe hewa, na themomita. Napandisha pole pole mpaka 50, sivuki 55, maana foam ngumu kwenye 75 inaanza kulainika, na nta ya nyuki ninayopaka kwenye plastiki ya mailar inayofunika bawa ili isishike (Tabora nta haijawahi kuwa shida) inayeyuka kwenye 62 mpaka 64. Bawa linalala ndani ya maganda yake ya foam yaliyobaki wakati wa kukata na waya wa moto, na uzito juu, kwasababu jinsi lilivyolala humo ndivyo litakavyobaki, likipinda limepinda. Umeme ukikatika usifungue boksi, liache lipoe lenyewe. Na likitoka, lipake rangi nyeupe.

Masika 209 inaacha utando kama wa nta juu, ni hadena imekutana na unyevu na hewa. Usikimbilie msasa, utausambaza tu. Osha na maji safi na kile kitambaa kigumu cha kijani cha kusugulia sufuria, kausha, ndio upige msasa, la sivyo rangi itabanduka.

Glavu vaeni jamani, za naitrili. Mzio wa epoksi ukishakuingia hautoki, na mkono ukichafuka ni sabuni na maji, sio tina, tina inaipeleka ndani ya ngozi.

Bei inauma, na usafiri kutoka Dar juu yake. Kama unajenga bawa moja kwa mwaka chukueni kopo moja mgawane watu watatu. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba usiku resini inaweza kufanya chenga kama asali iliyoganda, haijaharibika, weka kopo kwenye maji ya moto, koroga mpaka irudi kuwa angavu. Na miezi hiyo hiyo 209 inachelewa mno, anayejenga kipindi cha baridi achukue 206.