Kadi ya msimu ninayo, kiti bado nakitafuta

Tangu Agosti nimeingia mechi kumi na moja kwa kadi hii ya njano, tiketi ya klabu ya kukaa kwenye benchi, na katika hizo nimekaa kwenye benchi mara nne. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu kila siku kuna mtu ananiuliza kama alipie kadi ya mzunguko wa pili wa ligi, na sitaki kesho niambiwe kwamba nilidanganya watu.

Jina la klabu silitaji. Wa Katuba, mtaa wetu hapa mjini, mnaijua, na prezida wake hupita mbele ya atelie yangu kila asubuhi. Ni ile timu iliyozimika nikiwa bado mwanafunzi wa kaptula, ikafufuka mwaka huu na jezi zilezile. Hapa Lubumbashi mpira umeishi kwa kuegemea kampuni: Mazembe iliwahi kuitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi, na Lupopo mpaka leo ni Cheminots, watu wa reli. Kampuni ikikohoa, timu inalala kitandani. Yetu ililala na haikuamka. Baba yangu naye alikuwa mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003 kwa depar volonteri, yaani kuacha kazi kwa hiari, kwa hiyo nyumbani kwetu timu na mshahara ni hadithi moja.

Ndiyo maana nilinunua kadi mbili, yangu na ya mzee, bila kuuliza swali hata moja. Hilo ni kosa langu.

Siku ya kuuza, foleni ilianza kabla jua halijatoka, mbele ya geti la shule ambayo uwanja wake klabu imekodi "kwa muda". Kulikuwa na kadi nyeupe za kusimama, dola 10. Njano za benchi, dola 25. Na kijani za chini ya bati, ambazo ziliisha kabla sisi wa nyuma hatujaona rangi yake. Wazee walikuja na karte zao za zamani za uanachama, karatasi imegeuka kahawia, wakaziweka mezani kana kwamba ni pesa. Mama aliyekuwa akiandika alizishika kwa mikono miwili, akazisoma, akawarudishia kwa heshima, halafu akawaambia bei ni ileile. Mmoja aliomba kulipa kidogo kidogo. Akamfungulia ukurasa wake kwenye daftari. Mama huyo ndiye mtu pekee katika utawala wote wa klabu ninayempa alama kamili.

Siku ya pili jioni njano zikawa zimeisha pia. Mtaani watu walianza kuziuza kwa dola 40. Nilijiona mjanja.

Mechi ya kwanza tulifika saa nane na nusu kwa mpira wa saa tisa na nusu. Benchi zilikuwa zimejaa. Nilimwonyesha kijana wa fulana ya klabu kadi zetu, namba 212 na 213.

"Mwanangu, hizi ni za benchi."

"Ndiyo, mzee. Kadi iko. Kiti njo haiko."

Hakusema kwa ubaya. Alikwenda akaleta tofali mbili na ubao, baba akakaa. Mimi nilisimama dakika tisini.

Sare ya bila bao ya mwezi wa tisa ilinipa nafasi ya kuhesabu. Benchi ni 14. Kila moja inachukua watu 12, kama hakuna aliyekula vizuri. Hiyo ni 168. Kadi yangu ni ya 212, na jirani yangu mmoja alinunua baada yangu akapewa 340 na kitu. Hesabu hiyo haihitaji diplomu. Nilipowauliza wa ofisini, walinijibu kwamba si wote huja siku moja. Hapo wako kweli kidogo: mechi ya Jumatano saa tisa na nusu, uwanja hauna taa, nani ataacha kazi? Mimi mwenyewe nimekosa tatu za namna hiyo, na pesa yake haikurudi. Lakini Jumapili huja wote, na Jumapili ndiyo niliyoinunua.

Sasa niseme kuhusu jukwaa, maana mimi ni fundi wa kuchomelea na jicho langu halinyamazi. Benchi za njano zimepanda juu ya bomba za chuma za wajenzi, zile za kufungwa kwa vibano. Bomba zenyewe ni nzima. Mechi ya tatu, wakati wa wimbo, watu walianza kuruka pamoja na nikahisi jukwaa linakwenda kushoto, linarudi kulia, taratibu kama mtumbwi. Mapumziko nilishuka nikachungulia chini. Nguzo zilikuwepo, za kulala zilikuwepo, lakini za mshazari hakuna hata moja. Bila bomba za mshazari, kila mraba ni mlango unaosubiri kupinda. Na miguu ya nguzo ilikuwa imekaa juu ya udongo mtupu, bila ubao wala bamba, kwenye ardhi yetu hii nyekundu ambayo Oktoba ni jiwe na Desemba ni uji.

Niliandika hayo kwenye karatasi, nikachora, nikampelekea yule mama wa daftari. Wiki mbili baadaye mshazari zilikuwa zimefungwa na chini ya kila mguu kuna kipande cha mti. Hakuna aliyenishukuru, na mchoro wangu niliuona mfukoni mwa mtu mwingine akieleza wazo lake. Sijali. Jukwaa halitembei tena.

Mvua ni habari nyingine. Ilipoanza Novemba, wa kijani walibaki wakavu kwa dakika kumi, halafu upepo ukageuka na bati likawa pambo tu. Sisi wa njano tulilowa tangu mwanzo kwa uaminifu. Mpira ulisimama kwenye dimbwi mbele ya goli, mshambuliaji wetu akaupita. Vyoo ni vya shule, viwili, na wakati wa mapumziko ni heri uvumilie. Chakula ni kizuri kuliko mpira: nje ya geti kuna mama wa bukari (ugali) na samaki, na kuna munkoyo, kinywaji cha mahindi, baridi hata siku umeme umekatika, sijui anafanyaje.

Mtauliza basi kwa nini mara kumi na moja.

Nilikuwa uwanja wa Kibassa Maliba mwaka 2010 siku Mazembe ilipoipiga Espérance ya Tunis 5-0 katika mechi ya kwanza ya fainali ya klabu bingwa Afrika. Nilifurahi mpaka sauti ikapotea wiki nzima, lakini wachezaji niliwaona kama kuku wa mbali. Nimekwenda pia Kamalondo, ule uwanja wa Mazembe uliofunguliwa 2011, nyasi za bandia, watu elfu kumi na nane, kila kitu mahali pake. Pale ni raha ya mgeni anayekaribishwa sebuleni. Hapa kwetu, beki wa kulia akitaka kurusha mpira ananiambia "samahani, papa" ili nivute miguu. Ninasikia kocha akimwita kipa kwa jina la nyumbani. Mechi ya saba kipa alifungwa kizembe, mama yake alikuwa nyuma ya goli, tukasikia yote. Watoto wanatazama bure kutoka kwenye miembe ya shule na ndio wanaoona ofsaidi vizuri kuliko mwamuzi.

Mdogo wangu anaishi California, karibu na San Jose. Nilipomlalamikia kwa simu alicheka. Timu ya kwao, Earthquakes, wachezaji wake walihamishiwa Houston baada ya msimu wa 2005, mji ukabaki na jina tu. Ikarudi 2008, na uwanja haikuwa nao: ikakaa kwenye uwanja wa chuo kikuu cha Santa Clara, Buck Shaw, wa watu kama elfu kumi. Kwa muda. Uwanja wao wenyewe, wa watu 18,000, walifungua 2015. "Kwa hiyo yaya, kaka yangu," akaniambia, "kwa muda ya Marekani ni misimu saba. Yenu hesabuni wenyewe."

Kwake ilikuwa mzaha, lakini kwangu ilibadilisha namna ya kuitazama kadi. Nilikuwa ninavumilia kama mtu aliye stesheni, nikisubiri uwanja mpya ambao kiwanja chake, nje ya mji, kina ukuta upande mmoja na mahindi pande tatu. Kama tutakaa hapa shuleni misimu saba, na baba ana miaka 78, basi klabu ipake namba kwenye benchi mwaka huu. Rangi kopo moja, kijana mmoja, asubuhi moja. Waseme viti ni 168 na wauze 168, wanaobaki wauziwe nyeupe kwa bei ya nyeupe. Nilimwambia prezida hivyo alipopita mbele ya atelie. Akasema wazo ni zuri, wataliweka kwenye mkutano.

Mkutano haujakaa. Kwa hiyo mkiniuliza: kijani msinunue, bati ni la jina. Njano msinunue mpaka muone namba zimepakwa kwenye mbao. Nyeupe nunueni mapema, maana safari hii foleni itakuwa mbaya zaidi. Timu iko ya pili.

Mimi nimeshalipia nyeupe mbili. Kiti cha plastiki cha baba tunakibeba wenyewe kutoka nyumbani, kwenye moto, yaani pikipiki, nimekikumbatia nyuma ya dereva. Mlinzi wa geti amezoea. Anakipitisha kiti kwanza, halafu ndiyo anaomba kadi.