Taiti za joto kwa sisi wa visiwani: ipi ya kununua, ipi ya kuacha

Taiti yangu ya kwanza ya baridi niliichagua kwa vidole. Niliibana baina ya dole gumba na cha shahada, nikaiona nzito, laini, nikasema hii ndiyo. Muuzaji wa Mlandege, hapa mjini Unguja, naye akaniapia kuwa ndiyo wanayovaa Wazungu kwenye theluji. Ilikuwa pamba tupu. Siku ya pili ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu nilifika Horombo, mita 3,720, nimelowa jasho kutoka kiunoni hadi magotini. Jua lilipozama ile taiti ikawa kama kanga iliyotolewa beseni sasa hivi. Niliianika ndani ya kibanda usiku kucha, asubuhi nikaikuta bado mbichi.

Tatizo letu watu wa visiwani ni kuwa baridi hatuijui. Kipupwe kikipiga mwezi wa Julai, usiku ukashuka hadi nyuzi 22 hivi, tunatafuta shuka la pili na chai ya tangawizi. Kwa hiyo mtu akiambiwa anakwenda kwenye baridi ya kweli, hununua kinachoonekana kizito kuliko vyote. Hebu tupige hesabu. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu. Kilele cha Uhuru kipo mita 5,895. Siku ambayo Forodhani ni nyuzi 30, kule juu inakuja kama nyuzi 8 chini ya sifuri, na hapo hujatia upepo, wala hujakumbuka kuwa safari ya kileleni huanza karibu na saa sita ya usiku.

Lakini anayekuumiza sana si baridi yenyewe, ni jasho lako. Maji hupitisha joto la mwili kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa. Ukipanda unatoka jasho, ukisimama kupumzika dakika tano lile jasho linageuka barafu mgongoni na mapajani. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "ina unene gani?" Muulize imefumwa kwa uzi gani. Taiti ya joto ni ile inayolitoa jasho kwenye ngozi na kubakisha hewa kavu karibu yako. Unene unakuja baadaye, tena bora utoke kwenye nguo mbili nyepesi zilizopandishana kuliko moja nzito.

Sasa nazipanga, kutoka ninayoipenda mno hadi ile ya kumwachia muuzaji.

Ya kwanza ni sufu ya merino, yaani ya kondoo wa aina hiyo, ama tupu ama iliyochanganywa na nailoni kidogo ili isitoboke upesi. Usiifikirie ile sufu ya blanketi la skuli ya bweni inayowasha. Nyuzi za merino ni nyembamba mno, mara nyingi chini ya maikroni 20 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ndiyo maana haziwashi. Inaweza kunyonya unyevu hadi kama theluthi ya uzito wake nawe usihisi kuwa umelowa, na ikilowa bado inatunza joto. Jengine, na hili kwa safari ya siku sita bila ya kuoga ni jambo kubwa: hainuki upesi. Nilivaa moja siku nne mfululizo na sikumkimbiza mtu kibandani. Ubaya wake ni bei. Mpya kutoka kwa kampuni kama Icebreaker au Smartwool inakaribia dola 100, wakati mwengine inapita. Tena hukauka taratibu na nondo wanaipenda. Uzito wa gramu 200 kwa mita ya mraba unatosha kwa mlimani. 150 kwa anayekwenda kukimbia. 250 mwachie anayekwenda kuishi kwenye theluji.

Ya pili ni poliesta ya michezo, ile ambayo ndani imepigwa brashi kidogo au imefumwa kwa vijumba vidogo vidogo kama wavu. Kwa anayekimbia au kufanya mazoezi makali kwenye baridi, mie hii naitanguliza mbele ya merino, na sioni aibu kupindua orodha yangu mwenyewe. Poliesta hainywi maji karibu kabisa, jasho husambaa juu ya kitambaa na kukauka upesi, na bei yake mtu wa kawaida anaimudu. Mtoto wako akenda kusoma Ankara au Beijing na bado anataka mbio zake za asubuhi kama alizozizoea na kikundi cha mazoezi Maisara, mnunulie hizi mbili, si merino moja. Harufu ndiyo kasoro. Siku ya pili bila ya kufuliwa, utajua mwenyewe.

Ya tatu ni zile nyepesi za mjini mfano wa Heattech ya Uniqlo, kampuni ya nguo ya Kijapani, zilizoanza kuuzwa mwaka 2003. Ndani yake mna akriliki, poliesta, rayoni (uzi unaotengenezwa kwa mimea) na elastani kidogo, ule uzi unaovutika. Kwa kusubiri basi London, kukaa darasani, kwenda sokoni chini ya baibui, hazina mfano: nyembamba, hazionekani, zina joto. Ila ile rayoni hushika maji, kwa hiyo kwa kutokea jasho usizitegemee.

Ya nne ni zile nene zenye manyoya ndani, zinazojaa maduka ya mtandaoni kwa bei rahisi na picha ya mwanamke aliyesimama kwenye theluji. Sizichukii. Ukikaa kwenye gari alfajiri ukingoni mwa Ngorongoro, mita 2,300 na kitu, utazishukuru. Ukianza kutembea kwa nguvu utachemka kama muhogo. Na angalieni ile namba ya gramu 300 na zaidi wanayoitangaza: mara nyingi ni uzito wa nguo nzima, si wa mita ya mraba, basi usiilinganishe na ile 200 ya merino.

Ya mwisho, pamba. Na taiti za mwanzi ziko hapo hapo na pamba, hata zikisifiwa vipi, kwa sababu kitambaa cha mwanzi kwa kawaida ni rayoni tu, kinakunywa maji na hakiyaachii. Zinafaa nyumbani, kwenye kipupwe chetu.

Hariri nayo wapo wanaoivaa. Ni nyepesi na ina joto, lakini haina ustahamilivu, sitakuambia uitie kwenye mawe ya Kibo.

Tuje kwenye mitumba, maana wengi wetu tutanunulia huko, iwe Unguja, iwe Chake, au soko la Memorial pale Moshi siku moja kabla ya kupanda. Merino yangu nzuri kuliko zote niliipata kwenye rundo la nguo za kulalia za watoto. Muuzaji alidhani ni suruali ya ndani ya kizee. Lebo ikiwapo, isome yote, hata maandishi madogo ya nyuma ya kiuno, na tafuta asilimia. Ikiwa imekatwa, vuta uzi mmoja kwenye pindo la mguu, omba ruhusa kwanza, utoke nje nao uuchome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Poliesta inayeyuka na kuacha kijidonge cheusi kigumu. Pamba inanuka karatasi. Halafu inyanyue taiti uiangalie dhidi ya mwanga: katikati ya mapaja ndipo inapochakaa kwanza, na nondo huacha vitundu kama vichwa vya sindano. Kivute kitambaa cha goti ukiachie. Kikibaki kimejikunja kama gunia, elastani imekufa, mrudishie mwenyewe.

Kwenye kukaa mwilini: igande ngozini bila ya kukukaba. Ikiacha nafasi, hewa ya baridi inapita. Ikibana mno, damu haitembei na miguu inapoa zaidi. Kiuno kiwe kirefu, kifike juu ya kitovu, ili ukiinama mgongo usibaki wazi, na kisiwe na mshono mnene pale mkanda wa begi unapokaa. Kwa siku saba za kutembea, mshono bapa si anasa. Mshono uliosimama utakuchubua mapajani kabla hujafika Mandara, kituo cha kwanza cha kulala njia ya Marangu.

Na hili sijaliona kwenye mwongozo wowote wa Kizungu. Usinunue zile zilizounganishwa na soksi. Mtu anataka kutawadha, maji yenyewe ni ya kikombe kimoja na yanauma kama nyuki, utavua suruali tatu ili uoshe mguu? Chukua inayoishia kwenye kifundo, yenye pindo linalokunjika kwenda juu bila ya kukata damu. Pindo lenyewe liwe jembamba, maana likijikusanya ndani ya buti litakupa malengelenge. Na kwa vile taiti inachora mwili, utahitaji kitu kipana juu yake, kwa sala na kwa kutembea. Hapo dini na mlima vimekubaliana: suruali pana ya kuzuia upepo ndiyo inayoikamilisha taiti. Peke yake, hata merino ya dola 100, upepo wa usiku wa kileleni unapita ndani yake kama kwenye chandarua.

Usisubiri kuijaribu kule. Ivae alfajiri moja, utembee saa nzima kwa haraka, kaa chini, simama, panda ngazi. Utatoka jasho kama uliyemwagiwa ndoo, na majirani watakuuliza una homa, lakini utajua inapokuchuna na inachukua muda gani kukauka.

Kufua si kazi kubwa. Maji baridi, sabuni nyepesi, Jiki usiiguse, usiikamue merino kwa kuisokota, na ianike kivulini kwani jua letu ni kali. Poliesta usiitie dawa ya kulainisha nguo, inaziba kile kitambaa na jasho halitoki. Wala usiitandaze juu ya chetezo cha udi: cheche moja, tundu moja. Unyevu wa hapa kwetu ni adui mwengine, ukungu unaingia kabatini wakati wa masika bila ya kubisha hodi. Zikaushe hasa kabla ya kuzikunja, kisha tia konzi ya karafuu za Pemba kwenye kitambaa, funga, weka kati yake. Mie ndivyo ninavyowafukuza nondo, na sanduku linanukia.

Shoga yangu anapanda mwezi wa Disemba na wale wanaokwenda kuadhimisha tarehe 9 kule juu, na keshakuja kuazima. Nimempa za poliesta, zote mbili. Za sufu nimemwambia zimelowa.