Vidonge vya kafeini vya miligramu 200: uzito umeandikwa, saa hazikuandikwa

Kwa majuma matatu nimekuwa nikitumia vidonge hivi badala ya kahawa, na jambo la kwanza ninalopaswa kuvisifia ni kwamba kipimo chake kinajulikana. Kikombe cha mililita 200 cha kahawa iliyochujwa hukadiriwa kuwa na miligramu 90 hivi za kafeini, lakini kiasi hicho hupanda na kushuka kwa kutegemea aina ya buni, namna ilivyosagwa na mkono wa aliyeipika. Kidonge hakina mkono wa mpishi: miligramu 200 za leo ndizo za kesho. Hufanya kazi baada ya nusu saa hivi, bila tumbo kujaa maji, na mtu anayelazimika kukesha kazini ataona faida yake mara moja.

Maneno yaliyo kwenye boksi, hata hivyo, yanahitaji kusomwa kwa tahadhari. Tumeambiwa kwamba kidonge “huongeza nguvu”, ilhali kafeini haiongezi nguvu yoyote. Kadiri seli za ubongo zinavyotumia nishati tangu tunapoamka, ndivyo adenosini, kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka, inavyolundikana, na adenosini hiyo inaponasa kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wake, hasa vile viitwavyo A1 na A2A, shughuli za neva hupungua na usingizi huanza kunyemelea. Umbo la kafeini linafanana na adenosini kiasi cha kuweza kukalia vipokezi hivyo bila kuviamsha, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake na kumwacha amesimama mlangoni. Uchovu upo palepale. Kilichozuiwa ni taarifa yake.

Boksi hilohilo linadokeza kwamba kidonge hiki kinalingana na dawa za umakini zinazoandikwa na daktari. Hapo sikubaliani hata kidogo. Miongoni mwa dawa hizo, methilfenideti huziba njia ambayo dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya neva, hurudishiwa ndani ya neva, na amfetamini huenda mbali zaidi, kwa kuingia ndani ya neva yenyewe na kuisukuma dopamini nje. Dawa hizo mbili zimo katika Jedwali la II, mojawapo ya orodha za dawa zinazodhibitiwa, la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, nayo kafeini haimo katika jedwali lolote la mkataba huo. Kuitwa kwao vichangamshi kwa pamoja hakuzifanyi kuwa dawa za namna moja.

Lakini kasoro iliyonifanya niandike tathmini hii imo katika karatasi ya maelezo, inayoelekeza kumeza kidonge kimoja “kila baada ya saa tatu hadi nne”. Mwili wa mtu mzima mwenye afya huchukua takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini iliyomo kwenye damu. Siku moja nilimeza kidonge saa nane mchana, nikidhani kwamba ifikapo jioni kitakuwa kimekwisha kazi yake. Kwa hesabu hiyo, saa moja jioni nilikuwa bado na miligramu kama 100, yaani zaidi ya kikombe kizima cha kahawa, na saa sita usiku, nilipokuwa nikihesabu mbao za dari, zilikuwa zimebaki kama 50. Aliyefuata karatasi kwa uaminifu na kumeza cha pili baada ya saa nne angekuwa anakipandisha juu ya zaidi ya nusu ya kile cha kwanza. Na akimeza cha tatu atafikisha miligramu 600, wakati Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika tathmini yake ya mwaka 2015, iliona kwamba mtu mzima asiye mjamzito asizidishe 400 kwa siku.

Tena hizo saa tano ni za wastani tu. Kafeini huvunjwavunjwa kwenye ini na kimeng'enya kiitwacho CYP1A2, ambacho kwa wavuta sigara hufanya kazi kwa kasi zaidi, na kwa wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango hupungua kasi kiasi kwamba muda huo unaweza kuongezeka maradufu. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito hurefuka zaidi. Siprofloksasini, antibiotiki ya kawaida kabisa, hukizuia pia, na fluvoksamini, dawa ya sonona, hukizuia vikali. Kwa yote haya karatasi ina sentensi moja: “Muulize daktari wako.” Amuulize nini, ikiwa hajui kwamba kuna la kuuliza?

Mengine ni madogo. Kidonge ni kichungu mno kikikaa ulimini, na mstari wa katikati, ambao ungemsaidia anayetaka miligramu 100, mara nyingi hukikata vipande visivyolingana. Nilipoacha ghafla mwishoni mwa juma la tatu, kichwa kilianza kuniuma siku iliyofuata na kikaendelea kwa siku mbili, jambo la kawaida kwa mtu aliyeizoea kafeini, ingawa hilo nalo halikuandikwa popote. Ninavipa nyota tatu kati ya tano, zote kwa ajili ya kidonge chenyewe. Karatasi sijaipa hata moja. Vilivyobaki navimeza nusunusu, asubuhi tu, na sipitishi saa nne.